Jinsi ya kuchagua matairi ya A/T kwa pikapu ya kazi nzito

Wengi tukienda kununua matairi ya A/T, yaani ya kila njia, kwa ajili ya pikapu, jicho huenda kwenye meno kwanza. Mtu anaona tairi lenye meno makubwa na maandishi meupe ubavuni, anaridhika, analipa. Kwa gari dogo la kutembelea unaweza kuchagua hivyo na usipate tabu. Pikapu inayobeba tani nzima kwenye bodi, au inayovuta trela, haina nafasi hiyo. Kinachobeba mzigo ni ubavu wa tairi na upepo uliomo ndani yake. Tairi lililozidiwa uzito huchemka polepole, na mara nyingi hupasuka kwenye lami nzuri, mwendo ukiwa mkubwa na mzigo uko juu. Ndani kuna watu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na uzito, na meno yatasubiri hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Jua uzito wa gari lako likiwa kazini

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo yake. Pikapu nyingi zina kibandiko hapo chenye ukubwa wa tairi la kiwandani, upepo wa mbele na wa nyuma, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Kipige picha, ukae nayo kwenye simu. Maamuzi yote yanayofuata yanarudi kwenye namba hizo.

Kama kibandiko kimefutika, au gari limeongezwa springi, bampa ya chuma, winchi au bodi ya kutengenezwa, usikisie. Lipeleke kwenye mizani likiwa katika hali yake ya kazi: tanki limejaa, mzigo wa kawaida umepakiwa, watu wamekaa ndani. Kama unavuta trela, liwe limefungwa lakini magurudumu yake yabaki nje ya mizani. Pandisha kwanza magurudumu ya mbele peke yake, andika namba. Kisha pandisha gari zima, andika tena. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili, unapata uzito wa nyuma.

Tuseme nyuma imesoma kilo 2,700. Ukigawa kwa mbili, kila tairi linabeba kilo 1,350. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Barabarani mzigo huegemea upande mmoja, gari hukata kona, gurudumu huingia shimoni. Tairi linaloweza kilo 1,360 kwa hesabu hii linatosha kwa shida. Mimi singekubali chini ya 1,450, na kama njia ni mbovu ningepanda zaidi.

Usidhani pia kwamba nyuma ndiko kuzito siku zote. Pikapu yenye injini kubwa ya dizeli ikiwa tupu, mbele ndiko kunakolemewa. Ukiongeza bampa ya chuma na winchi, matairi ya mbele yanabeba mzigo mkubwa hata siku ambayo hujapakia kitu.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi kabla ya kuuliza bei

Chukua mfano wa tairi lenye maandishi haya: LT265/70R17 121/118S.

LT inaonyesha kwamba limeundwa kwa magari ya mizigo mepesi, yaani pikapu na familia yake. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. R ni radiali. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Halafu inakuja 121/118, na hapa ndipo panapotakiwa macho. Ni namba za kiwango cha uzito: ya kwanza ni tairi likifungwa peke yake, ya pili ni likifungwa mawili mawili upande mmoja. 121 ni kilo 1,450. 118 ni kilo 1,320. S ya mwisho ni mwendo, kilomita 180 kwa saa. Herufi utakazokutana nazo zaidi kwenye matairi haya ni Q ya kilomita 160, R ya 170, S ya 180 na T ya 190.

Namba nyingine zinazofaa kukaa kichwani: 115 ni kilo 1,215, 120 ni 1,400, 123 ni 1,550, 125 ni 1,650, 126 ni 1,700.

Sasa angalia mtego ulipo. Dukani kuna 265/70R17 nyingine, isiyo na LT mbele, imeandikwa 115T. Rimu ni ileile, upana uleule, meno yanaweza kufanana kabisa, na bei mara nyingi iko chini. Tairi hilo ni la darasa la magari ya abiria. Linabeba kilo 1,215, na likifungwa kwenye pikapu kanuni za watengenezaji zinataka ugawe namba hiyo kwa 1.10, kwa sababu pikapu hupakiwa vibaya kuliko gari la abiria. Unabaki na kilo 1,104 hivi. Mawili nyuma ni kilo 2,208, wakati yale ya LT yanabeba 2,900. Pengo hilo ni karibu kilo 700, na kwa macho hulioni.

Baada ya hapo tafuta kiwango cha plai, yaani tabaka za nyuzi za tairi. Herufi C ni plai 6 na upepo wa psi 50 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba). D ni plai 8, psi 65. E ni plai 10, psi 80. F ni plai 12, psi 95. Namba ya plai siku hizi ni kipimo cha nguvu, kwani tairi la plai 10 halina tabaka 10 ndani. Hesabu hiyo ilibaki tangu enzi za matairi ya nyuzi za pamba. Ukitaka tabaka halisi, soma maandishi madogo ubavuni: yatakutajia tabaka za uso, ngapi za poliesta na ngapi za chuma, na tabaka za ubavu. Ubavu wa tabaka tatu unastahimili miamba na visiki kuliko wa mbili, ila ni mzito na hupooza mwendo wa gari kidogo. Kwa anayepita mawe makali kila wiki, ninaona thamani yake. Kwa anayekaa kwenye lami na barabara za vumbi zilizochongwa, tabaka mbili za E zinatosha.

Pikapu nyingi za kazi nzito hutoka kiwandani na E. Usishuke. Kama kibandiko cha mlangoni kinataka E na muuzaji anakwambia C "itavaa tu", ni kweli itavaa kwenye rimu. Haitabeba.

Wenye pikapu za muundo wa zamani watakutana na ukubwa kama 7.50R16. Hapo 7.50 ni upana kwa inchi na asilimia ya ubavu haiandikwi. Mengi ya matairi hayo hufungwa na tyubu, kwenye rimu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Ukitaka kuhamia tyubulesi, rimu nazo zibadilishwe.

Hatua ya 3: Sasa chagua meno, kwa barabara unayopita kweli

Kuna familia nne. H/T ni za lami. A/T ni za kila njia. M/T ni za matope. Kati ya A/T na M/T siku hizi wameingiza R/T, zenye meno makubwa kuliko A/T lakini zisizopiga kelele kama M/T. Ndani ya A/T kwenyewe kuna tofauti kubwa, kwa hiyo usisimame kwenye herufi.

Jiulize kilomita zako nyingi zinaisha wapi. Hapa watu hujidanganya: wanakumbuka ile safari moja ya matope wakasahau kwamba karibu mwaka mzima gari lilikuwa kwenye lami likiwa na mzigo. Kama wewe ni wa lami, chukua A/T yenye meno yaliyokaribiana, yenye michirizi mingi myembamba juu ya kila jino. Michirizi hiyo ndiyo inayoshika lami yenye maji. Meno marefu yaliyoachana sana hujipinda chini ya mzigo, yanazalisha joto, na usukani unakuwa mlegevu ukivuta trela zito. Wengi huanza kuwalaumu mafundi wa usukani wakati tatizo liko chini.

Changarawe ina ugomvi wake. Mawe hukata mpira vipande vidogo na hujichomeka kati ya meno, yakachimba kuelekea kwenye waya. Inama uangalie kwenye mifereji ya tairi: je, chini kuna vinundu vidogo vya mpira vimejipanga kati ya meno? Hivyo ni vya kuyasukuma mawe yatoke. Angalia pia bega la tairi, pale uso unapokutana na ubavu. Kwenye A/T nzuri ya changarawe meno hushuka kidogo hadi ubavuni, na huo mpira wa ziada ndio unaopokea kisu cha jiwe kabla hakijafika kwenye nyuzi. Watengenezaji wengine hutaja wazi kwamba mpira wao umechanganywa kustahimili kukatwa. Kwa pikapu ya kazi nzito ningelipia sifa hiyo kabla ya sifa nyingine yoyote ya meno.

Matope ya mfinyanzi yanataka mifereji mipana inayojisafisha ikizunguka. A/T ya kawaida hujaa udongo ikageuka kipara ndani ya mita chache. Kama matope ni ya msimu tu, R/T inaweza kukufaa. Kama ni maisha yako ya kila siku, M/T, ukikubali kwamba itaisha haraka kwenye lami na itashika vibaya zaidi kwenye mvua. Mchangani mambo hugeuka: meno makali huchimba, na kinachokuvusha ni kupunguza upepo ili tairi litandike.

Kwa wanaokutana na theluji, alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi kukuhakikishia kitu. Ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake hutolewa kwa tairi lililopimwa theluji.

Hatua ya 4: Usiongeze ukubwa kwa sababu ya sura

Ukubwa wa kiwandani ndio salama. Ukitaka kuongeza, fanya hesabu kwanza. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, mara mbili, kisha ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita, ambapo inchi moja ni milimita 25.4.

LT275/70R18: 275 mara 0.70 mara 2 ni 385. Rimu ya inchi 18 ni 457. Jumla ni milimita 842. LT285/75R18 inafika 885. Umeongeza asilimia 5. Dashibodi ikionyesha kilomita 100 kwa saa, unakwenda 105. Kilomita zinazohesabiwa zinapungua, na matengenezo yako ya oili yanachelewa. Breki zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi kwa diski zilezile. Gia zote zinakuwa kama zimerefushwa, kwa hiyo injini inahangaika ukipanda mlima na mzigo. Na gari limeinuka milimita 21 tu.

Kuna ukubwa mwingine huandikwa kwa inchi, kwa mfano 35x12.50R17LT: kipenyo cha inchi 35, upana 12.5, rimu 17. Huo huwa na sura ya kuvutia, lakini usiununue kabla ya kuangalia kiwango cha uzito. Tairi pana halibebi zaidi kwa sababu tu ni pana, na unaweza kukuta la D mahali ambapo gari lako lilikuwa na E.

Hakikisha pia upana wa rimu yako umo kwenye upana ambao mtengenezaji wa tairi ameruhusu. Kisha angalia nafasi. Geuza usukani hadi mwisho kulia, shuka na tochi, tazama umbali kati ya tairi, madigadi na chesisi. Rudia kushoto. Kumbuka kwamba likiwa na mzigo gari hukaa chini zaidi.

Wenye magurudumu mawili mawili nyuma wana kizuizi kingine. Matairi pacha yakiwa mapana kuliko ya kiwandani, mbavu zake zinakaribiana, na mzigo ukikaa yanagusana na kusuguana hadi kuungua. Pacha lazima pia yawe ya kipenyo kimoja: likiwepo moja limeisha na jingine jipya, lile refu hubeba karibu mzigo wote peke yake.

Hatua ya 5: Angalia tarehe

Ubavuni tafuta maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usikubali kuambiwa haipo. Mwambie fundi aligeuze. Tairi lililokaa miaka mingi dukani meno yake ni mapya lakini mpira umeshaanza kukauka. Kagua moja moja, si lile lililowekwa juu, maana matairi ya mzigo mmoja yanaweza kuwa ya tarehe tofauti. Pitisha kidole sehemu ya chini ya ubavu, karibu na rimu. Ukiona nyufa nyembamba, liache.

Hatua ya 6: Nunua seti, pamoja na spea

Kwenye pikapu ya 4x4, matairi yote yanayogusa ardhi yawe ya ukubwa mmoja na aina moja. Ukitumia 4x4 kwenye ardhi ngumu huku mbele na nyuma vipenyo vinatofautiana, gia za kugawa nguvu na difu zinavutana, na ukarabati wake utapita bei ya matairi. Spea nayo iwe ya ukubwa huohuo na kiwango hichohicho cha uzito. Spea dhaifu kwenye gari lenye mzigo itakupa tatizo la pili siku ileile.

Fikiria pia upatikanaji. Ukubwa wa nadra unaweza kukulaza njiani ukisubiri tairi moja. Na unapolinganisha bei, uliza kina cha meno. A/T nyingi za LT zina kina cha milimita 12 hadi 15 zikiwa mpya. Tofauti ya milimita mbili ni kilomita nyingi.

Hatua ya 7: Simamia ufungaji

Simama pale karakana. Kuna kitu kimoja kidogo ambacho karibu kila mtu anakipuuza: valvu. Valvu za kawaida za mpira za magari madogo zimeundwa kwa upepo usiozidi psi 65. Tairi la E linaweza kuhitaji 80. Dai valvu za presha kubwa, na mpya, kwa kila rimu. Rimu zenyewe nazo zina kikomo cha uzito na cha upepo. Huandikwa nyuma au ndani yake.

Matairi yabalansiwe. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari, kwa mpangilio wa kuvuka upande hadi upande, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Halafu fanya alaimenti, hasa kama matairi ya zamani yaliliwa upande mmoja. Ukifunga mapya juu ya alaimenti mbovu, utaona hasara ndani ya miezi michache.

Hatua ya 8: Weka upepo kulingana na mzigo

Psi iliyoandikwa ubavuni inakwenda na uzito wa juu wa tairi. Ile kilo 1,450 ya LT265/70R17 ya plai 10 inapatikana kwenye psi 80. Ukishusha upepo, uwezo unashuka nao. Kwa hiyo tairi la E lenye psi 45 na mzigo kamili nyuma ni hatari hata kama limeandikwa E. Na kinyume chake, psi 80 kwenye gari tupu inafanya liruke kama jiwe, meno ya katikati yaishe, na breki zipungue mshiko. Anza na kibandiko cha mlangoni kama ukubwa haujabadilika. Kama umebadilisha, tumia jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji wa tairi ukiwa na namba zako za mizani.

Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi. Madereva wengi wa 4x4 wana kipimo chao: baada ya mwendo wa saa moja barabarani, pima tena. Kwa tairi la LT, upepo ukiwa umepanda zaidi ya psi 6 hivi, ulianza na upepo mdogo kwa mzigo huo, tairi linajikunja na kuchemka. Dawa ni kuongeza kabla ya safari inayofuata. Usitoe upepo tairi likiwa na moto, maana likipoa utakuwa umelishusha chini ya kiwango.

Ukishusha upepo kuvuka mchanga au mawe, punguza na mwendo, na uwe na pampu ya kurudisha kabla hujagusa lami. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zungusha matairi mbele na nyuma, na siku hiyohiyo teremsha spea chini ya gari uipime upepo, kwa sababu hiyo ndiyo huwa inakutwa imelala.